Plagi za Nikolausi

Jumamosi ile Ludovika alifungua boneti kabla hata ya chai. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mashamba ya Dongobesh. Kesho yake ukoo ungekutana Masieda, nyumbani kwa mzee Margwe, baba mkubwa wa marehemu mumewe Nikolausi, na mzee alikwisha kusema kwenye simu: gari aliloliacha marehemu likipanda kilima lenyewe mpaka uani kwake, ni la Ludovika, likishindwa, alichukue Gidamis, mdogo wa marehemu, kwa kuwa yeye anajua kulitunza.

Anajua kulitunza! Gidamis ndiye aliyeliazima wiki ya msiba, na tangu alirudishe lilikuwa likikohoa na kurukaruka kila lilipokuta mwinuko. "Limechoka, shemeji," alimwambia akimrushia funguo. "Linataka kumfuata mwenyewe."

Maneno hayo Ludovika alilala nayo na kuamka nayo.

Alikuwa mwalimu wa fizikia. Cheche inayowasha petroli alishaichora ubaoni miaka nenda rudi, lakini plagi yenyewe hakuwahi kuigusa. Alichomoa waya wa betri, akapuliza vumbi, akalegeza bolti ya koili ya kwanza, ile inayoipa plagi umeme, na kuivuta juu taratibu. Kisha akashusha spana ndefu ya plagi aliyoitoa kwenye sanduku la mumewe. Plagi ikagoma, ikalia, ikaachia.

"Mwalimu!" Jirani yake Benedikta, nesi, alichungulia juu ya ua. "Unamchinja nani asubuhi yote hii?"

"Shemeji yangu."

"Basi uniwekee supu."

Plagi ilitoka nyeusi kama mkaa, ncha imelika. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa hata ya aina nyingine kabisa. Ludovika akaketi juu ya ndoo. Muda mfupi kabla ya kufariki, Nikolausi alifunga plagi mpya hapo hapo uani, yeye akimshikia tochi. Tangu hapo boneti hiyo haikuguswa na mtu, isipokuwa mmoja. Na gari la mtu huyo siku hizi lilipanda vilima kama linateremka.

"Umemwibia maiti," alisema kwa sauti ndogo.

Hasira ikamwingia mikononi. Akatumbukiza moja ya plagi mpya alizonunua jana yake na kuizungusha kwa nguvu. Ikakwama, imekaa upande. Jasho likamtoka. Akiharibu njia ya tundu ambamo plagi hukazwa, Gidamis ameshinda bila kunyanyua kidole. Akaitoa, akavuta pumzi, akaanza upya kwa vidole vitupu, kama mtu anayefunga vifungo vya nguo ya mtoto mchanga, mpaka ikakaa yenyewe. Ndipo akaikaza kwa spana, kidogo tu. Zote akazifunga hivyo. Hasira aliiweka kando, hakuitupa.

Jumapili gari lilipanda kilima cha Masieda bila kukohoa hata mara moja. Uani, Gidamis alikuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye gari lake, amevaa koti la kanisani, kamba ya kuvutia gari bovu begani.

"Shikamoo, baba," Ludovika alimsalimia mzee.

"Marahaba, mwanangu. Umefika."

"Nimefika, baba. Na hizi ndizo nilizozikuta ndani." Akafungua pindo la kanga na kuzimwaga plagi mbovu mbele yake. "Za Nikolausi zimo kwenye gari lile. Afungue tuone."

"Shemeji, hayo ni mambo ya mafundi," Gidamis alicheka. "Wewe utayajulia wapi?"

Hakuna aliyecheka naye. Gidamis hakuifungua boneti yake. Mzee Margwe alizitazama plagi, akamtazama Gidamis.

"Gari ni la mke wa Nikolausi," alisema. "Na wewe, tangu kaka yako azikwe sijakusikia ukimwamkia huyu. Mwamkie."

Gidamis akainamisha kichwa. "Shikamoo, shemeji."

Salamu hiyo haiachwi ikining'inia. Hata adui huitikiwa. Watu wote uani wakamngoja aseme neno moja. Lilikuwa mdomoni tayari. Ludovika akalimeza.

"Zitoe kwanza za mume wangu," alisema. "Zikiwa mkononi mwangu, nitakuitikia."

Gidamis akamtazama mzee. Mzee akatazama pembeni.

"Injini bado ya moto," Gidamis alinong'ona.

"Najua," Ludovika alisema, akampa spana, akavuta kiti na kukaa.