Maziwa ya Mama Mwamini

Harufu ya kwanza ninayoikumbuka ya Likasi, mji wetu wa madini, ni ya moshi wa kiwanda, mkali kama kiberiti kilichowashwa chini ya pua. Sisi wa kambi za wafanyakazi za Panda tuliuvuta tangu kuzaliwa wala hatukuulalamikia, maana moshi ulikuwa na maana kwamba baba zetu wako kazini. Halafu, mwaka ule wa uporaji, watu walipovunja maduka mjini, moshi ukaanza kukatika. Hewa ikawa safi, tukaanza kusikia harufu za vyungu vya majirani: nani amepika sombe, yale majani ya muhogo, nani hakuwasha moto kabisa. Mshahara wa baba haukuja tena, naye akaenda Kapolowe kuwalimia watu mashamba ili alipwe mahindi. Mama, ambaye alikuwa ametoka kumzaa mdogo wangu Placide, akashikwa na homa kali akalazwa hospitalini, tukaambiwa mtoto mchanga asipelekwe kule. Tukabaki nyumbani watatu: mimi, Placide na nyanya yetu, ambaye tulimwita Nkambo.

Maziwa ya kopo yalikuwa yametoweka. Nkambo alichemsha maji, akatia sukari, akamdondoshea Placide kwa kijiko. Sukari yenyewe tuliinunua kwa bei ya kutupa kwa vijana waliopita na magunia mabegani, na mtaa mzima ulijua magunia yametoka wapi. Nyumba ya pili kutoka kwetu ilikuwa ya mwenye duka mmoja, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka Kasongo. Duka lake lilivunjwa mchana kweupe, watu wakabeba hadi rafu. Mkewe tulimwita Mama Mwamini, kwa jina la binti yake aliyekuwa angali ananyonya. Tangu siku ile Nkambo hakupita tena mbele ya nyumba yao. Alizungukia nyuma, kwa njia ya chooni.

Alasiri moja, kilio cha Placide kilipokuwa kimefifia kama cha mtoto wa paka, Mama Mwamini aliingia kwetu. Binti yake alikuwa mgongoni, na nguo yake imelowa kifuani.

“Nkambo, munipe ule mutoto,” alisema.

Nkambo akamkumbatia Placide zaidi. “Mama yake atarudia. Niko namupa maji ya sukari.”

Mama Mwamini akakitazama kikombe, akautazama na mfuko wa sukari juu ya meza. Nkambo akainamisha uso. Mama Mwamini akanyoosha mikono kumpokea mtoto.

“Sukari haiwezi kukomaza mutoto,” alisema. “Lakini musikie muzuri. Akinyonya kwangu, atakuwa mutoto wangu. Kwetu iko vile. Hataoa Mwamini, hataoa binti yangu hata mumoja. Munaitika?”

“Tunaitika,” Nkambo alijibu kwa sauti ndogo.

Mama Mwamini akaketi kwenye mkeka. Placide alilikosa titi, akalitafuta, akalishika, kisha ikasikika sauti ya kumeza. Nkambo aligeukia ukutani.

Alikuja asubuhi na jioni mpaka mama alipopona, ingawa kwake pia chakula kilikuwa haba na mashavu ya Mwamini yalipungua. Baba aliporudi na mahindi, Nkambo alijaza beseni, akaweka juu yake sukari iliyosalia, akalipeleka kwa Mama Mwamini kwa mlango wa mbele, jua likiwaka. Naye alilipokea kwa mikono miwili. Hakuna aliyetaja duka.

Nilipokuwa msichana mkubwa nilimuuliza Mama Mwamini, tukichambua maharage, kwa nini alitusaidia. Nilitarajia jambo la dini, au methali. Wazee husema wema hauozi. Yeye hakuinua hata macho.

“Mutoto alikuwa analia, na maziwa ilikuwa inatoka yenyewe. Kila akilia, miye nalowa. Nilikaa na hasira yangu siku mbili, nikashindwa. Ningefanya je?”

Jibu lile lilinivunja moyo kidogo wakati ule. Leo naliona kuwa la kweli kuliko mengi niliyosoma. Sasa maziwa ya kopo yamejaa madukani Likasi, malori ya madini hayaishi barabarani, na wenye uwezo wamezungushia nyumba zao kuta ndefu. Siutamani mwaka ule. Njaa haikutufanya wema. Wengine iliwafundisha kuvunja duka la jirani. Ninachojua ni kwamba tuliishi karibu kiasi kwamba kilio cha nyumba moja kiliweza kulowesha nguo ya mama wa nyumba nyingine, naye hata kwa hasira yake hakuweza kujifanya hajasikia.

Mama Mwamini alifariki mvua zilizopita. Placide alisimama katika mstari wa wanawe, msalaba wake mdogo shingoni, akipokea pole pamoja nao. Mzee mmoja aliyetoka mbali alimshika mkono, akamtazama kwa mshangao.

“Weye uko mutoto wa nani?”

“Wa huyu,” Placide alisema, akaelekeza macho kwenye jeneza, kisha akaenda kulibeba na ndugu zake.