Magunia Sitini

Asubuhi ya karatasi ya pili ya hesabu, wasichana wa kidato cha nne pale Kanduyi walinisalimia kwa adabu na kunipisha mlangoni. Walidhani mimi ni msimamizi. Nilipoketi kwenye dawati, aliyekuwa mbele yangu akageuka.

"Madam, ati na wewe unafanya pepa?"

"Geuka huko," nikamwambia. Sikuwa na hali ya kuchekwa.

Nilikuwa na miaka thelathini na sita. Kwa miaka tisa nilikuwa nimepiga deki wodi za kliniki moja ya Kitale, nikitamani kuvaa sare ya wauguzi badala ya koti la mfagiaji. Chuo cha uuguzi kilinikataa mara mbili, sababu ile ile: hesabu nilikuwa na D, wao wanataka C kamili, isiyo na minasi. Daktari mwenye kliniki aliahidi kunisomesha nikiipata mwaka huo. Mwakani nafasi ingekwenda kwa mwingine, na alinieleza hivyo bila kuzunguka. Basi nikajisajili upya na kuja kulala kwa senje, dada yake baba, hapo Bungoma.

Maswali ya mwanzo yalienda. Nikafika kwenye lile la alama kumi. Lori limebeba magunia sitini, ya mahindi na ya maharagwe, uzito wa jumla kilo elfu tatu na mia nane. Kila aina ni magunia mangapi? Nikatabasamu kabisa. Mimi ni mtu wa Kachibora, nimekulia juu ya magunia. Hilo ni swali langu, nikasema moyoni.

Mahindi nikayaita x, maharagwe y. x + y = 60. Halafu 90x + 90y = 3,800. Nikazidisha mlinganyo wa kwanza kwa tisini, nikatoa wa pili. x ikaondoka, kama inavyotakiwa. Lakini y nayo ikaondoka. Nikabaki nimekodolea macho sufuri iliyo sawa na elfu moja mia sita.

Nikakata kwa mstari, nikaanza tena. Safari hii niliiweka y peke yake kwanza. Wapi! Zote mbili zikapotea tena. Jasho likanitoka mgongoni. Nilimkasirikia aliyetunga swali, nikamkasirikia na yule msichana wa mbele aliyekuwa akiandika tu bila kuinua kichwa. Niliogopa, nisidanganye. Niliona ile sare ikienda.

"Dakika kumi na tano zimebaki," msimamizi akasema.

Nikaweka kidole kwenye karatasi na kusoma kama mtoto wa darasa la kwanza, neno baada ya neno. Maharagwe, kilo tisini kwa gunia. Mahindi, kilo hamsini.

Hamsini! Kwetu gunia la mahindi ni kilo tisini. Baba akisema amevuna magunia kumi, hakuna anayeuliza ya kilo ngapi. Jicho langu lilipofika kwenye neno gunia, mkono uliandika tisini wenyewe, wala haukungoja nisome zaidi. Nilitamani kujichapa kofi mbele ya watu.

50x + 90y = 3,800. Mlinganyo wa kwanza mara hamsini, elfu tatu. Nikatoa. Arobaini y ni mia nane. Y ni ishirini, x ni arobaini. Nikahakikisha: elfu mbili ya mahindi, elfu moja mia nane ya maharagwe. Zikakubali. Swali la mwisho, la grafu, nilikuwa nimechora mistari miwili tu karatasi ilipochukuliwa.

"Umefanyaje?" senje akauliza jioni.

"Sijui, senje. Usiniulize."

Matokeo yalitoka nikiwa kazini Kitale. Binti yangu ndiye aliyeyatafuta kwenye simu yake, kisha akanipigia. Alikuwa akilia.

"Mama, hesabu ni C."

"C gani? Iko na minasi?"

"Haina kitu, mama. Ni C tu."

Nikaketi katikati ya wodi, kwenye sakafu niliyokuwa nimetoka kuipiga deki, bado imelowa, nikalia mbele ya wagonjwa wote.