Ndiyo, Afande

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu wivu wake haujanitoka mpaka leo. Nilikuwa nimetoka jeshini, nimesoma sheria chuoni Tunguu nikiwa mtu mzima, nikapata kazi katika ofisi ndogo ya haki za binadamu huku Mji Mkongwe. Salma tulianza naye pamoja. Hakuwahi kuvaa buti hata siku moja, lakini kila mteja akiingia alimtaka yeye. Niliumia, sikufichi.

Akaja mama mmoja wa mtaa wa Ng'ambo na mwanawe Haji, askari mpya aliyepigwa na wakubwa zake kambini mpaka akavunjika mkono. Nikasema moyoni, hii sasa ni yangu. Nani ayajuaye maisha ya kambi kunishinda mimi? Nikanyoosha mgongo nyuma ya meza, nikaanza kumhoji. Haji akasimama wima, mkono umefungwa bendeji.

"Walikupiga?"

"Ndiyo, afande."

"Au ulianguka?"

"Ndiyo, afande."

Bi Maryam, mkuu wetu, alikuwa mlangoni anasikia. Papo hapo kesi akampa Salma. Nusura nilie kwa hasira.

Salma akatandika mkeka, akaagiza kahawa, akamuuliza Haji kwao Ijumaa hupikwa nini. Nikacheka kwa dharau. Kahawa haijapoa, Haji analia na kuwataja waliompiga, mmoja mmoja.

Bi Maryam akanivuta pembeni. "We Khamis, unamwonea choyo mwenzio? Yule mtoto keshapewa amri za kutosha. Kakuona wewe, kamwona aliyempiga."

"Naam, Bi Maryam," nikajibu.

Haji alishinda kesi. Kila Sikukuu humpelekea Salma halua, mimi hunisalimia tu, na bado anasimama wima. Inaniuma, mwanangu.

Nawe umetoka jeshini, kesho unavaa joho la uwakili. Nidhamu uliyofunzwa ishike, itakuamsha alfajiri usome majalada. Ile sauti ya kambi ivue mlangoni pamoja na viatu. Na ukiona mwenzio anapendwa kuliko wewe, usishinde kumtazama yeye. Mtazame mteja, ujue anakuogopea nini.

Mungu akulainishie ulimi, akuepushe na choyo kilichonila mimi, na kila aliyeonewa akija kwako, akae kitako bila ya kuamrishwa. Amin.