Klachi Iliyozama Penye Mtuo

Pelagia alijifunza kuendesha gari akiwa tayari ana wajukuu. Mumewe, Benjamini, ndiye aliyemfundisha, katika miezi ile baada ya kiharusi kumlegeza mkono wa kulia. Walikuwa na pikapu ya zamani ya buluu, yenye kiti kimoja kirefu mbele. Kwa pikapu hiyo walikusanya asali kwa warinaji wa misitu ya upande wa Tura na kuileta Tabora mjini. Benjamini alikaa upande wa abiria, akaongea taratibu kama mtu anayembembeleza ng'ombe wa maziwa.

"Kilimani usilisubiri gari lichoke, Mama Recheli. Lipe gia ndogo mapema."

Kila Pelagia alipochelewa kubadili gia, mguu wa kushoto wa Benjamini ulikanyaga sakafu wenyewe, kana kwamba klachi iko upande wake. Walikuwa wakicheka. Mvua za kwanza zilipoanguka, Benjamini akafariki, na Pelagia akabaki na gari na biashara.

Watu walidhani angeliuza. Hakuliuza. Alijifunga kitenge, akaenda porini peke yake, na warinaji wakazoea kumwona.

Njia yake ilipita mahali wenyeji wanapoita Mtuo. Zamani, kabla ya reli, misafara ya pwani na Ujiji ilipita hapo, na wapagazi walitua mizigo yao juu ya kilima baada ya kuvuka korongo la mchanga. Wengine, inasemekana, walitua na hawakujitwika tena. Hakuna kaburi linaloonekana. Kuna rundo la mawe tu pembeni mwa njia, na miyombo iliyosimama karibu karibu.

Ilikuwa kiangazi, mchana wa jua kali, nyuma kumejaa madumu ya asali. Pelagia alivuka korongo, akaanza kupanda kwa gia ya pili. Mguu wake wa kushoto ulikuwa sakafuni, kama alivyofundishwa. Ndipo akaona kitu kinasogea chini ya usukani. Pedali ya klachi ilikuwa inashuka. Ilishuka polepole, kama inavyoshuka chini ya mguu wa mtu asiye na haraka, ikafika katikati, ikatulia hapo.

Alitazama ndala zake. Miguu yote miwili aliiona. Akakanyaga klachi ili aweke gia ya kwanza, lakini pedali iligota chini mara moja, gia ikasaga meno, gari likajikita na kuzimika.

Kisha, katika ule ukimya, pedali ikapanda. Ikapanda kwa upole, kama mtu anayeondoa mguu wake.

Pelagia alivuta hendibreki, akateremka, akaweka jiwe nyuma ya tairi. Hakukuwa na upepo wala ndege. Ng'ambo ya njia, mwanamke wa rika lake aitwaye Nyamizi alikuwa anang'oa karanga shambani kwake.

"Limekufia hapo hapo?" Nyamizi alimuuliza Pelagia alipomsogelea.

"Hapa hapa."

"Hata baiskeli zinatoa cheni hapa. Weka jiwe pale kwenye rundo, mayu, mama yangu, upite. Sisi wote tunaweka."

Pelagia alikuwa Mmoravian wa kukaa benchi la mbele kanisani. Hakuweka jiwe. Lakini alipowasha gari, alipanda kwa gia ya kwanza bila kugusa klachi mpaka juu kabisa.

Safari iliyofuata mambo yakawa yale yale. Akaenda kwa Hilari, fundi mwenye gereji yake barabara ya Kipalapala, ambaye alilijua gari hilo tangu Benjamini yu hai. Klachi ya gari hilo haikuwa ya mafuta. Ilikuwa ya vyuma vitupu: pedali ilivuta fimbo, na fimbo ikavuta uma wa klachi ubavuni mwa giaboksi. Hilari aliingia uvunguni, akatikisa kila kiungo. Alikuta bushi za viungo zimelika, akaweka mpya, akarekebisha urefu wa fimbo. Wakalijaribu mjini, barabara tambarare. Klachi ikawa laini kabisa.

Penye Mtuo, pedali ikazama tena.

Safari hiyo Pelagia hakuteremka. Alikaa na gari limezimika, mikono juu ya usukani, akasema kwa sauti, "Benjamini, ondoa mguu." Pedali ikapanda. Akalia, na hofu haikuwamo katika kilio kile. Tangu siku ile akawa anamsemesha kila anapokaribia korongo. Alimpa habari za Recheli, binti yao, na za bei ya asali. Upande wa abiria wa kiti akawa anaufuta vumbi.

Recheli ndiye aliyeona kwamba mama yake anakonda, akamwendea Hilari. Fundi akafunga gereji siku moja, akaja na mkoba wake wa spana.

"Shikamoo, Mama Recheli. Leo tunakwenda wote."

"Marahaba. Utaona mwenyewe."

Wakirudi na mzigo wa asali, walipoanza kupanda Mtuo, Hilari alikuwa ameinama, macho kwenye pedali. Ikashuka mbele yake.

"Yesu na Maria," akasema, akajivuta mpaka mlangoni.

Gari likazimika, Hilari akaitazama pedali ikipanda. Kisha akauliza, kama anayejisemesha, "Tambarare haifanyi hivi. Mteremko je?"

"Hapana. Kupanda tu. Na nikiwa na mzigo."

Hilari akateremka, akafungua boneti. "Washa. Shika hendibreki na breki ya mguu. Weka gia ya kwanza, uachie klachi kidogo kidogo."

Injini ilipoanza kuvuta, iliinuka upande mmoja kama mnyama anayeamka. Hilari akapiga kelele azime. Chini ya injini, raba moja ya kuishikilia, ile mafundi wanayoiita maunting, ilikuwa imechanika vipande viwili.

"Njoo utazame. Injini ikibeba mzigo mlimani, inanyanyuka. Giaboksi limeshikana nayo, nalo linapinda, linaondoka na fimbo ya klachi. Fimbo inavuta pedali chini. Ukikanyaga, hakuna nafasi iliyobaki, ndiyo maana gia inasaga. Likizimika, injini inalala chini, pedali inarudi. Niliangalia fimbo, sikuangalia inachoshikilia."

Pelagia aliitazama ile raba muda mrefu.

"Kwa hiyo injini ikiwa imezimwa, pedali haiwezi kushuka."

"Haiwezi."

"Juma lililopita nilisimama hapa nile mihogo. Gari nimelizima, ufunguo uko mkononi. Ilishuka mpaka chini, ikakaa, ikapanda."

Hilari alifunga boneti taratibu, bila kuibamiza. "Maunting nitafunga," akasema. "Hilo lingine silijui, mama, na sitakudanganya kwamba nalijua."

Alifunga raba mpya kesho yake. Gari likapanda Mtuo kwa gia ya pili na mzigo wote, pedali imetulia kama msumari ukutani. Pelagia alipofika juu alisimama, akasubiri, akamwita mumewe kwa jina. Hapakutokea kitu. Aliendesha mpaka Tabora akiwa na upweke ambao hata siku ya mazishi hakuupata, na kwa majuma kadhaa hakusema neno ndani ya gari lile. Hata hivyo akaanza tena kula vizuri. Recheli akamshukuru Mungu.

Mavuno yalipokwisha, Nyamizi aliomba lifti ya kupeleka magunia ya karanga mjini kutoka nyumbani kwake, ng'ambo ya korongo. Pelagia alifurahi kupata mtu wa kuongea naye, na walipokuwa wakivuka korongo walikuwa wakicheka habari za kwaya. Gari likaanza kupanda. Nyamizi akakusanya kitenge chake, akajisogeza mpaka bega likagusa mlango.

"Mbona unajibana hivyo?" Pelagia akauliza.

"Si umeniambia nisogee?"

"Sijasema kitu."

Nyamizi alitazama nafasi iliyobaki kati yao, halafu akatazama njia. Hakurudi katikati ya kiti. Pelagia akaingiza gia ndogo, mapema, na gari likaendelea kupanda.