Mazishi ya Asmare Bila Mlio

Asmare alipokata roho, dada yake Mantegbosh hakupiga yowe. Alikaa kwenye kigoda, akavua viatu, akamtazama. Uso umetulia, ndevu zimechanwa, mikono safi. "Haya," akamwambia, "umefika bila kuua mtu na bila kuuawa." Akamshukuru Bikira Maria, akavaa viatu, akaenda kuwaita majirani.

Homa ya mapafu ndiyo iliyomchukua, homa ya watu wote, na kwa Mantegbosh hiyo ilikuwa zawadi. Tangu ndugu yake arudi kutoka vita vya mpakani, alikuwa akiogopa kifo cha aina nyingine: kwamba siku moja Asmare atamkaba mtu, na kijiji kitammaliza kwa mawe.

Alikwenda vitani kijana wa kuimba akikamua ng'ombe, akarudi na nishani ya shaba na hofu. Kitu kikilia kwa nguvu, mara moja alipiga kelele, "Inama, dada!" akamvuta aliye karibu hadi chini ya kitanda. Harusini wakipiga bunduki, yeye alikuwa shambani anachimba handaki katikati ya maharage. Siku moja Kasisi Mezgebu alikuja kubariki nyumba, radi ikapiga, kasisi akajikuta mvunguni na mwavuli wake. Kijiji kikamwita Asmare kichaa. Mantegbosh hakugombana na jina hilo. Aligombana na warusha mawe, na mkono wake ulikuwa na shabaha kuliko wao.

Alimpeleka kwenye maji ya baraka, akampeleka zahanati ya mjini. Maji yalimtuliza kidogo, vidonge vikamnenepesha na kumpa usingizi. Mantegbosh mwenyewe akamvua ng'ombe kengele, na mifuniko ya sufuria akaivika matambara. Nyumba ikawa kimya kama nyumba yenye mtoto mchanga. Mtoto mwenyewe alikuwa na mvi.

Mazishi yalikuwa siku hiyohiyo aliyokufa. Wanawake wa chama cha kuzikana walifika na hema, mikate ya injera na masufuria yao, shuka zao nyeupe wamezigeuza pindo juu, kimsiba. Nyuma yao akaja Mjomba Wubneh na wanaume wa ukoo, kila mmoja na bunduki begani.

"Pole, Mante wangu," alisema mjomba. "Leo tunampa heshima yake. Zitalia hizi mpaka ng'ambo ya bonde wajue simba amelala."

"Zisilie, mjomba."

"Unasemaje?"

"Nasema zisilie. Wewe Asmare ulimwona lini mara ya mwisho?"

Mjomba akakohoa. "Ule mlima, mwanangu. Na magoti haya."

"Naona leo yamepona. Karibu ukae. Bunduki ziegemezeni kule kwenye majembe."

"Tumzike mwanajeshi kama paka? Unataka aitwe kichaa hata kaburini?"

"Ameitwa miaka yote, hamkuja kumtetea. Nilichobakiwa nacho ni kumlaza salama. Hicho msiniharibie."

Mjomba akaketi. Bunduki hakuiacha.

Hemani, Mama Yitayish, mliaji wa misiba, alianza kumsifu marehemu: simba wa milimani, aliyewalaza adui kama majani makavu. Wanawake wakajipiga vifua. Mantegbosh alikaa katikati yao, macho makavu.

"Huyo hana hata chozi," mmoja alinong'ona.

"Alichoka kumlisha."

"Ndiyo, nilichoka!" Mantegbosh aligeuka. "Nani kati yenu alikuja kunipokea zamu?"

Wakainama kwenye shuka zao.

Kaburini, jeneza lilipoteremshwa, mjomba akainua bunduki. Wenzake wakamwangalia yeye, nao wakainua. Mantegbosh alipanda juu ya chungu ya udongo, akasimama mbele ya mtutu.

"Piga basi, mjomba. Halafu ushuke wewe ukamtoe mvunguni."

"Toka hapo, Mante! Unatuaibisha mbele za watu."

Ndipo Kasisi Mezgebu akafunga mwavuli wake.

"Mwacheni," alisema. "Mimi nimewahi kulala na Asmare chini ya kitanda. Mnacheka, na siwalaumu, hata mke wangu hucheka. Lakini hamjaniuliza mle ndani alinifanya nini. Alinilalia mgongoni. Alinifunika mwili mzima, anatetemeka mpaka meno yanagongana, akaniambia, 'Usiogope baba, ikija itanipata mimi.' Kila aliyemvuta alimfanyia hivyo. Leo mnataka kumtetemesha tena?"

Hakuna aliyecheka. Mjomba alisimama na bunduki yake hewani, kama mtu aliyesahau alichokifuata. Kisha akaishusha, akatoa risasi, akaitia mfukoni. Wengine wakafuata. Mama Yitayish naye aliachana na simba wake. Akaanza upya, kwa sauti ya chini: aliyewafunika watu kwa mgongo wake, nani atamfunika yeye? Udongo ukajibu, taratibu, koleo kwa koleo.

Waliporudi nyumbani, wanawake walikuwa wakipakua chakula, na mfuniko wa chama, usio na tambara, ukamponyoka mtu ukaanguka juu ya jiwe. Ulilia kama kengele ya kanisa. Hema zima likanyamaza, macho yote kwenye mlango wa nyumba, kana kwamba Asmare angetoka. Mantegbosh alijikuta ameinama peke yake, mikono kichwani, akingoja kuvutwa.

Hakuna aliyemvuta.

Akabaki hivyo kidogo. Kicheko ndicho kilichoanza, kilio kikafuata nyuma yake, na wanawake hawakujua wamshike au wamwache.

"Sasa analia," alisema mjomba, kama aliyepona yeye.

"Nalia, ndiyo. Na wewe kula, una mlima wa kupanda."

Asubuhi aliivua mifuniko matambara, akayafua, akayaanika uani. Kisha akaitafuta kengele nyuma ya gunia la shayiri, akamfunga ng'ombe shingoni. Ng'ombe alipiga hatua moja, akasikia mlio wake mwenyewe, akashtuka na kusimama.

"Tembea," Mantegbosh alimwambia. "Amelala salama."