Chakula cha Jioni Saa Kumi na Nusu

Wandera aliandika OB miaka ishirini na sita, na kama kuna kitu alichotoka nacho katika kazi ya polisi zaidi ya goti bovu, ni kulichukia neno "bora". Katika OB, kile kitabu kikubwa cha matukio kinachokaa juu ya kaunta ya kila kituo, huandiki kwamba mwizi hodari aliiba kuku bora. Unaandika ni kuku wangapi, wa rangi gani, walikuwa wapi, nani aliwaona mara ya mwisho na saa ngapi. Basi. Anayetaka kulia atalia mwenyewe akisoma.

Alipostaafu hakurudi kwao Funyula. Mkewe alikuwa amezikwa huko, ndugu zake walikuwa huko wakigombania mpaka wa shamba, na yeye alikuwa amekwisha kuzoea baridi ya Nyeri, chumba chake cha kukodi kule Ruring'u, na kuitwa afande na wauza mboga wasiojua kwamba afande hana tena hata filimbi. Alibaki. Akaanza kuwaandikia watu barua za maombi, halafu matangazo ya kubandika ukutani, halafu, akiwa na miaka sitini na tano, maneno ya tovuti za biashara.

Kazi hiyo aliipata kwa Chris Mwangangi, mwanamume wa Kitui mwenye ofisi juu ya duka la dawa za mifugo mjini, viti vya kuzunguka na ndevu zilizochongwa kwa rula. Chris alitengenezea tovuti hoteli, shule, nasari za miche, yeyote aliyepanda zile ngazi. Maneno ya ndani ya tovuti hizo yalikuwa ya tumbo moja yote. Karibu katika ulimwengu wa ubora. Sisi ndio suluhisho lako. Tumejitolea kukuhudumia kwa weledi. Ungeweza kuyang'oa kwa mwuza keki ukayabandika kwa mwuza majeneza na mtu asishtuke, na ndivyo yalivyobandikwa. Siku yake ya kwanza ofisini, Wandera alisoma kwenye ukurasa wa mwuza majeneza mmoja wa Karatina kwamba "wateja wetu hurudi tena na tena". Alimwuliza Chris kama hiyo ni ahadi au ni kitisho. Chris alisema huo ni mtindo.

Akampa kazi ya majaribio, tovuti ya Kabura, mama wa Mukurweini anayeuza ng'ombe wa maziwa. Wandera alipanda boda mpaka zizini, akakalia kreti, akafungua daftari na kumhoji Kabura kama mlalamishi. Mteja wa mwisho alitoka wapi? Aliuliza nini kwanza? Aliyeondoka bila ng'ombe aliondoka kwa nini? Kabura alifikiri, akasema watu wote huuliza jambo moja kabla ya kuuliza lita, kama ng'ombe atakubali kukamwa na mfanyakazi, kwa sababu wenyewe wanashinda kazini mjini. Wandera aliandika hivi: "Ng'ombe wa Kabura wamezoea kukamwa na mtu yeyote. Mmoja tu, mwenye doa jeupe pajani, hupiga teke, na huyo hauzwi." Wiki hiyo simu ya Kabura iliita mpaka ikaisha chaji saa nne asubuhi.

"Mzee, hii copy yako iko dry sana," Chris alisema akikuna ndevu. "Lakini ati watu wanapiga simu."

Kuanzia hapo kichwa cha Wandera kilivimba. Aliwadharau wenye hoteli waliotaka chumba chenye dirisha moja kiitwe makazi ya kifahari. Aliwadharau walimu wakuu waliotaka "kulea viongozi wa kesho" na hawakuweza kumwambia ni watoto wangapi wanakaa dawati moja. Alimdharau Chris, ndevu na yote. Zaidi ya hao aliwadharau wasomaji, wale watu wa kwenye simu wanaoamini chochote kilichoandikwa kwa herufi kubwa juu ya picha ya mtu anayecheka. Alikuwa akisoma kurasa hizo kwa sauti, peke yake, kwa raha ya kudharau tu.

Mtu mmoja tu ndiye ambaye Wandera hakumdharau. Beverlyne, mtoto wake wa pekee, alikuwa akifanya kazi hotelini Doha, na alipiga simu kila Jumapili alasiri. Mwezi wa nne Wandera alianguka bafuni, akalala kwenye sementi kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa tano, mwenye nyumba alipokuja kuanika nguo akasikia mtu akigonga beseni. Wandera hakumwambia binti yake. Mwenye nyumba ndiye aliyemwambia.

"Baba, huwezi kuendelea kukaa peke yako," Beverlyne alisema, na akawa anasema hivyo kila Jumapili. "Either urudi nyumbani kwa baba mdogo, ama nikutafutie mahali. Ikifika Agosti kama hujachagua, nitachagua mimi."

"Niko sawa, mama. Niko na kazi."

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyokuwa kinga yake pekee. Binti alimwamini babake kwa sababu babake hakuwa mtu wa kutia chumvi. Akisema yuko sawa, yuko sawa. Kwa neno hilo moja Wandera aliendelea kukaa Ruring'u, akijipikia ugali, bila kuomba ruhusa ya kuwasha taa wala kuambiwa alale saa ngapi.

Mwezi wa sita alikuja Theuri. Theuri alikuwa na hosteli ya wanafunzi upande wa Wamagana. Wanafunzi walipohama akaleta wazee, akawalaza kwenye vitanda vilevile vya deka, wazee chini, mizigo yao juu. Akapaka ukuta rangi ya krimu na kupaita Makao ya Utulivu. Sasa alitaka tovuti, kwa sababu wenye wazazi wa kuwekwa wako Nairobi na ng'ambo, na hao hutafuta kwa simu.

Wandera alienda na daftari lake. Aliona wazee kumi na tisa na akina mama wawili wa kuwaangalia. Wazee wanane chumba kimoja. Lango lilifungwa kwa kufuli mchana kutwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Theuri. Daktari alikuwa amekuja mara ya mwisho mwezi wa tatu. Chakula cha jioni kilikuwa saa kumi na nusu, maana mpishi hurudi kwake saa kumi na moja, na baada ya hapo mlango wa bweni unafungwa mpaka asubuhi. Kando ya dirisha aliketi mzee aliyevaa koti, vifungo vyote, na kofia kichwani, kama mtu wa safari. Alimtazama Wandera kwa huruma.

"Hata wewe umeletwa?" aliuliza.

"Nimekuja kazini," Wandera alisema, kwa ukali usiohitajika.

Aliandika mistari sita, kama ilivyokuwa, na saa zake. Theuri aliisoma ofisini kwa Chris, akaitupa mezani.

"Afande, unataka nifungwe?"

"Nimeandika nilichoona."

"Mzee," Chris aliingilia, kwa ile sauti ya kumfundisha mtoto, "watu hawanunui kitanda. Wananunua vile watasikia. Hii kitu inahitaji feelings. Kama hauwezi sema tu, nitaandika mimi."

Hauwezi! Wandera aliwatazama wote wawili, mwuza vitanda na mwuza hisia, na dharau ikampanda mpaka kooni. Kama ni kilemba cha ukoka wanachotaka, atawavika mpaka macho yasionekane. Alikaa kwenye moja ya vile viti vya kuzunguka na alasiri moja ikamtosha.

Wanane chumba kimoja? "Kwetu hakuna mzee anayekaa mpweke, hata usiku." Kufuli langoni? "Ulinzi saa ishirini na nne." Koridoni alikuwa ameona picha ya daktari aliyekuja Machi, basi akaandika kwamba familia ya Utulivu inamjua daktari wake kwa sura na kwa jina. Na ule ugali wa saa kumi na nusu ukageuka: "Chakula cha jioni huandaliwa mapema, jua likiwapo, ili mwili wa mzee upate nafasi ya kupumzika." Alicheka peke yake mpaka machozi. Hapakuwa na uongo hata mmoja. Angeweza kuuapia ukurasa mzima mbele ya hakimu. Mtu wa kusoma maneno haya kisha akamleta babake hapa, alijiambia, ni mjinga wa kutupwa, na anastahili.

"Sasa leta ushuhuda mmoja," Chris alisema, akisugua mikono. "Customer akiongea."

Mteja hakuwapo wa kuongea. Wandera akamtunga. Hii haikumchukua dakika kumi, na hakucheka alipokuwa akiandika: "Niko mbali. Kila Jumapili nilikuwa nikimpigia baba na kusikiliza pumzi zake kwanza, kabla ya maneno, nijue ameamkaje. Sasa nikipiga ananiambia niharakishe, anangojwa kwenye drafti. Siku ya kwanza aliponijibu hivyo, nililala usingizi mzima." Chini akaweka: Binti, ughaibuni.

Chris alisoma, kisha akapiga meza kwa furaha. Theuri alileta kreti ya soda, akampa Wandera mkono kwa mikono miwili, na kabla mwezi mmoja haujapita alikuwa anatafuta vitanda zaidi. Wandera aliinywa soda yao na kuwadharau.

Jumapili ya kwanza ya Agosti simu iliita mapema kuliko kawaida. Kukawa na ule ukimya mdogo wa mwanzo, kisha sauti ya Beverlyne, ya furaha, ambayo hakuwa ameisikia tangu mwezi wa nne.

"Baba, nimepata mahali. Na si mbali, ni hapo tu Wamagana, hata marafiki wako watakuja kukuona. Nimeongea na mwenyewe, anaitwa Theuri, ameniwekea kitanda. Unaingia Jumanne. Ngoja nikusomee. 'Kwetu hakuna mzee anayekaa mpweke…'"

Wandera aliketi kitandani. Alimwacha asome. Binti yake alisoma polepole, akiyapa maneno yale uzito ambao mwandishi hakuyapa, na alipofika kwenye chakula cha mapema alisema, "Umeona, Baba? Hata hiyo wamefikiria."

"Si pazuri hapo," Wandera alisema.

"Umeanza. Umejuaje?"

"Nilienda."

"Kufanya nini?"

Hapo angeweza kudanganya. Lakini alikuwa amezoea kutoa taarifa, akaitoa, tarehe ishirini na mbili Juni, saa nne asubuhi, wazee kumi na tisa, walezi wawili. Wanane chumba kimoja. Kufuli. Chakula saa kumi na nusu kwa sababu mpishi ana nyumba yake. Daktari, mwezi wa tatu. Na mwandishi wa ukurasa ule ni yeye, Wandera, kwa mkono wake, na aliuandika akicheka.

Upande wa pili palikuwa na kelele ya sahani za hoteli.

"Na huyo msichana?" Beverlyne aliuliza. "Mwenye anasikiliza pumzi?"

"Hakuna msichana."

"Nilisoma hiyo part nikaenda kulia kwa store ya mashuka, Baba. Nilidhani nimepata mwenzangu. Ulijuaje kwamba nasikiliza kwanza?"

"Huwa nakusikia ukisikiliza."

"Kwa hivyo ulijua," alisema taratibu. "Miezi yote hii unaniambia niko sawa, niko sawa, na ulikuwa unajua vile nakaa huku. Ukaichukua ukampea Theuri aweke kwa tovuti."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kuandika, Wandera hakuwa na saa, wala mahali, wala shahidi wa kumtetea.

"Niko sawa kweli, mama," alisema mwishowe.

"Sijui tena, Baba. Hiyo ndiyo shida. Jumanne utapanda gari uende kwa baba mdogo."

Jumatatu alipanda ngazi za Chris kwa goti lake bovu, akaomba ushuhuda ule utolewe. Akaomba tena, kwa heshima, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia Chris.

"Lakini mzee, hiyo ndiyo inaleta watu," Chris alisema, akiwa amekunja uso kwa huruma ya kweli. "Hiyo nyingine yote hawasomi."

Jumanne alifunga daftari zake kwa kamba, akamwachia mwenye nyumba beseni, akaondoka. Funyula ndugu yake alimpa chumba cha nyuma ya ghala la mahindi, chenye kitanda kizuri na mlango usiofungwa kwa kufuli. Jumapili ilipofika simu iliita alasiri, saa ileile. Wandera aliipokea haraka, akaiweka sikioni, akavuta pumzi ndefu, akamwachia nafasi ya kusikiliza.

"Baba, nipee baba mdogo kwanza," Beverlyne alisema. "Nataka kumwuliza kama umekula, na saa ngapi."