Kituo Nilichokipokea

Nilisafiri siku nne kutoka Kigoma. Mvua ilikuwa imekata tuta la reli kabla ya Dodoma, tukalala humo humo behewani, tukila mahindi ya kuchemsha. Dar sikuwa na mwenyeji. Nikaifuata kwa miguu reli ya zamani upande wa Temeke, nikitafuta chumba cha bei rahisi, hadi kwenye kituo kidogo ambacho treni zilikuwa zimeacha kupita miaka mingi iliyopita. Ukutani palikuwa na X nyekundu ya kubomolewa. Mzee mmoja alikuwa anafagia jukwaa.

Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akaniuliza nilichelewa wapi.

Alikuwa stesheni masta wa mwisho pale. Majirani walinisimulia huku wakicheka: siku treni zilipositishwa, mwenzake wa kumpokea zamu hakutokea, na watu wa reli hawaachi kituo mpaka anayewapokea atamke kwamba amepokea. Wanawe walimfuata mara mbili kutoka Tabora, akagoma. Alikuwa mgonjwa na alitaka kufia kwao, lakini zamu ilikuwa bado yake.

Nilikaa naye katika chumba cha tiketi. Kila siku saa saba mchana alisimama na bendera ya kijani hadi, kwa maneno yake, treni ipite. Siku moja nilimcheka. Papo hapo changarawe zikaanza kutetemeka kati ya mataruma ya reli, na joto likanipita usoni likinuka breki. Majani hayakutikisika.

Alipoanza kushindwa kusimama, nilimwambia anikabidhi mimi.

"Si mzaha, kijana. Ukipokea, umepokea."

"Nimepokea, mzee."

Wanawe walikuja kumchukua. Aliishi Tabora wiki moja tu.

Mie nilibaki miaka sita. Nimezurura nchi hii yote, sijawahi kumaliza mwaka mahali pamoja, lakini pale kila nilipofunga begi, saa saba ilinikuta jukwaani, bendera mkononi. Mama muuza mihogo alizoea kunitania, "Braza, unawapungia wakwe?" Sikumwambia kwamba nilikuwa nimeanza kuzijua sura za madirishani mwa treni ile.

Tingatinga lilikuja karibu na adhuhuri. Nilimwomba dereva akipokee kituo, atamke neno moja tu.

"Mie nimetumwa kubomoa, braza. Sipokei kitu."

Nikamgeukia mama wa mihogo. Akajitwika beseni lake, akaenda zake.

Ukuta wa kwanza ulipoanguka nilichukua begi, nikapita kwenye vumbi kuelekea barabarani. Zamu ilikuwa bado yangu. Sikurudi tena pale, na siku hiyo sikugeuka, hata saa saba ilipofika nikamsikia dereva akizima mtambo na kuwauliza watu kama reli hii bado inapitisha treni.